Oili Itangulie, Moto Ufuate: Utunzaji wa Injini za Vyama Baada ya Kubadilisha Oili

Chama cha ushirika chenye trekta, lori, pampu ya maji au mashine ya kusaga kinamiliki mali ya thamani kubwa ambayo kila siku imo mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Mali hiyo imenunuliwa kwa makato ya mazao ya wanachama, au kwa mkopo ambao wanachama hao hao wanaulipa kidogo kidogo kila msimu. Kwa sababu hiyo si haki kudhani kwamba utunzaji wa injini ni jambo la fundi na dereva peke yao. Makala haya yanaeleza jambo moja tu la utunzaji, ambalo huchukua dakika chache, halihitaji fedha, na hata hivyo husahauliwa mara nyingi: kuhakikisha kwamba oili imefika mahali pake pote kabla injini haijawashwa baada ya oili kubadilishwa.

Uchukuliwe mfano wa chama kilicho upande wa Kwala, wilayani Kibaha, chenye trekta moja na tela lake. Msimu wa ufuta umefika. Magunia ya wanachama kutoka mashambani yanangojea kupelekwa ghalani ili mzigo uwahi mnada. Siku ya Jumamosi dereva anamwaga oili ya zamani, anafunga chujio jipya, anatia oili mpya hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia, na kuondoka akiwa na dhamiri safi. Jumatatu alfajiri anawasha. Taa nyekundu ya oili inabaki ikiwaka; sekunde tano zinapita, kisha kumi. Akiona inachelewa, dereva anakanyaga mafuta ili injini ichanganye upesi. Taa inazimika, trekta linakwenda, na ufuta unafika ghalani siku ile ile.

Baada ya miezi mitatu dereva huyo amekwisha kuhamia kazi nyingine, na trekta liko chini ya kijana mpya. Katikati ya shamba injini inaanza kugonga chini, na kabla ya jioni inanoki, kama wasemavyo mafundi, yaani inakwama na kukataa kuzunguka. Kikao kinaitishwa. Kijana anaulizwa alifanya nini. Yeye anaapa kwamba alipima oili asubuhi na ilikuwa imejaa, na anasema kweli. Lakini hana la kuonyesha, na chama hakina daftari la kumwonea kosa wala la kumwokoa. Huenda akakatwa mshahara au akaondolewa kazini kwa kosa lililotendwa na mwingine, kwa sekunde chache, asubuhi ya Jumatatu ambayo hakuna anayeikumbuka.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Injini iliyowashwa bila oili katika beringi zake haifi palepale. Hujeruhiwa, kisha huendelea kufanya kazi, na jeraha huonekana baadaye sana, pengine mikononi mwa mtu asiyehusika.

KAZI YA OILI NDANI YA INJINI

Watu wengi hudhani kwamba oili hufanya kazi ya kupaka vyuma ili viteleze, kama mtu apakavyo mafuta bawaba za mlango. Hivyo ni nusu ya kweli. Katika injini inayofanya kazi vizuri, krenki, ambayo ni ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, haigusi kabisa beringi zake. Huelea juu ya utando wa oili ambao unene wake ni mdogo kuliko unywele wa binadamu. Chuma hakikutani na chuma, na kwa hiyo injini inaweza kufanya kazi saa maelfu bila ya beringi kwisha.

Jambo hili liligunduliwa katika kazi ya reli. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza aliyeitwa Beauchamp Tower alitoa taarifa ya majaribio yake juu ya beringi za ekseli za mabehewa. Alikuwa ametoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Ekseli ilipozunguka, oili ilipanda na kumwagika nje kwa tundu lile. Aliziba kwa kizibo, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji akaona kwamba msukumo wa oili ndani ya beringi ulikuwa mkubwa kuliko alivyotazamia, hata uliweza kuubeba uzito wote uliokuwa juu yake. Mwaka 1886 mtaalamu Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu jinsi mhimili unaozunguka unavyoivuta oili na kuisukumiza katika nafasi nyembamba mpaka ikaubeba mhimili wenyewe.

Kutokana na ugunduzi huo yapasa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, krenki haiwezi kuvuta oili ambayo haijaletwa. Pili, mletaji wa oili ni pampu ndogo iliyo chini ya injini, ambayo huichota katika bakuli, huipitisha katika chujio, na kuisukuma katika njia nyembamba zilizotobolewa ndani ya chuma hadi kwenye beringi za krenki, za konrodi na za kemshafti, na juu kwenye vyombo vinavyofungua vali. Msukumo huo, ambao mafundi huuita presha ya oili, ndio unaoonyeshwa na geji. Katika injini nyingi za matrekta, zikiwa zimepata joto na kwenda kwa mwendo wa kazi, geji husoma kati ya paundi 30 na 60 kwa inchi moja ya mraba. Kiwango halisi cha kila injini kimeandikwa katika kitabu chake.

KWA NINI HATARI HUJA BAADA YA KUBADILISHA OILI

Injini iliyozimwa jana jioni na kuwashwa leo asubuhi haikauki. Chujio lake bado limejaa, njia zake bado zina oili, na beringi zina utando uliobaki. Pampu ikianza kuzunguka, oili hufika mahali pake katika muda mfupi sana.

Hali ni nyingine baada ya oili kubadilishwa. Bakuli limemwagwa na chujio jipya limefungwa likiwa tupu. Katika injini ya trekta au lori chujio huweza kuchukua lita moja, na mengine zaidi. Pampu inapoanza kazi, kwanza hulazimika kulijaza chujio, kisha kuusukuma upepo uliomo katika njia zote, ndipo oili ifike kwenye beringi. Kwa muda wote huo geji husimama kwenye sifuri na taa huwaka. Beringi hazina kitu isipokuwa unyevu wa oili ya zamani.

Wakulima wa mboga wa bonde la Mto Ruvu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanajua kwamba pampu ya maji iliyokaa tupu haivuti. Lazima maji yamiminwe kwanza ndani yake ili upepo utoke. Pampu ya oili ni ndugu yake. Ikiwa imekauka kabisa, kwa mfano baada ya injini kufunguliwa na fundi au kukaa msimu mzima bila kuwashwa, huweza kuzunguka bure bila kuchota hata tone.

Yupo atakayeuliza kwa nini izungushwe kwa stata bila kuwashwa, ilhali krenki inazunguka kwa vyovyote vile. Jibu ni kwamba mizigo miwili hiyo hailingani. Injini ya dizeli inapowaka, mlipuko juu ya pistoni huweza kufikia paundi elfu moja na zaidi kwa kila inchi ya mraba, na nguvu yote hiyo hushuka kwenye beringi. Injini inayozungushwa polepole bila dizeli haina mlipuko. Beringi hubeba uzito mdogo tu, na ule unyevu wa oili ya zamani huzitosha kwa muda huo. Kwa hiyo mwendeshaji huitumia pampu kupeleka oili wakati beringi hazijatwishwa mzigo. Kanuni nzima ni hiyo: oili itangulie, moto ufuate.

Wenye injini kubwa wameikubali kanuni hii siku nyingi. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, hupita katika eneo hili, na vichwa vya treni vya dizeli vimeitumia kwa miongo mingi. Injini kubwa za namna hiyo, pamoja na zile za meli na za mitambo ya umeme, kwa kawaida huwa na pampu ya pekee au mahali pa kuunganisha pampu ya nje, ili oili isukumwe ndani kabla injini haijazungushwa. Trekta la chama halina pampu hiyo ya ziada, lakini beringi zake ni za aina ile ile na hudhurika kwa sababu zile zile. Kinachokosekana kwenye chuma sharti kijazwe na mikono ya mwendeshaji.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua zifuatazo zinahusu injini ya dizeli ya kawaida ya trekta au lori yenye chujio la kufunga kwa mkono. Endapo kitabu cha injini kinasema vinginevyo, kitabu kifuatwe.

1. Oili ya zamani imwagwe injini ikiwa na joto, kwa maana hapo huwa nyepesi na hutoka pamoja na uchafu wake. Imwagwe katika chombo na kuhifadhiwa kwenye pipa. Isimwagwe ardhini, wala karibu na kisima au mto.

2. Chujio la zamani lifunguliwe, na mwendeshaji atazame kama mpira wake umetoka nalo. Mpira wa zamani ukibaki umegandamana na injini, na chujio jipya likafungwa juu yake, oili itaruka nje kwa nguvu mara injini itakapowaka, na bakuli lote litaweza kukauka katika muda mfupi.

3. Chujio jipya lijazwe oili safi kabla ya kufungwa, ikiwa hufungwa mdomo ukitazama juu. Oili imiminwe polepole kwa matundu madogo ya pembeni, si kwa tundu kubwa la katikati. Sababu yake ni hii: oili ya matundu ya pembeni itapita kwanza katika karatasi ya chujio, bali ile ya katikati itakwenda moja kwa moja kwenye beringi na vumbi lolote lililoingia. Kwa mahali penye vumbi jingi wakati wa kiangazi, tahadhari hii si ndogo. Chujio linalolala upande litiwe kiasi kile kisichomwagika.

4. Mpira wa chujio jipya upakwe oili kidogo kwa kidole. Chujio likazwe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha liongezwe kadiri ilivyoandikwa juu yake, ambayo mara nyingi ni karibu robo tatu ya mzunguko. Lisikazwe kwa spana.

5. Nati ya kumwagia ifungwe pamoja na washa yake, na oili mpya itiwe hadi alama ya juu ya kijiti. Iwe ya daraja lililoandikwa kitabuni. Oili ya bei nafuu isiyo na daraja linalojulikana si nafuu kwa chama.

6. Dizeli ikatwe. Katika matrekta ya zamani kitasa cha kuzimia huvutwa na kuachwa kikiwa kimevutwa. Katika injini zinazokatiwa dizeli kwa umeme, waya wa valvu ya dizeli huchomolewa. Katika injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta kazi hii ifanywe kwa jinsi kitabu kisemavyo, au kwa msaada wa fundi anayezijua.

7. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na watu wasogee mbali na mikanda na feni. Kisha injini izungushwe kwa stata kwa muda wa sekunde 10, isizidi 15. Stata ipumzishwe nusu dakika hadi dakika moja ili isiungue, ndipo irudiwe. Macho ya mwendeshaji yawe juu ya geji au taa.

8. Geji ikianza kupanda, au taa ikizimika, oili imefika. Izungushwe mara moja zaidi kwa hakika. Sasa dizeli ifunguliwe na injini iwashwe.

9. Injini iachwe katika mwendo mdogo kwa dakika mbili tatu. Isikanyagwe. Kama ina taabo, maagizo haya yatiliwe mkazo zaidi, kwani mhimili wa taabo huzunguka maelfu mengi ya mizunguko kwa dakika, na oili huufikia kwa kuchelewa. Injini iliyofungwa taabo mpya itiwe oili safi kidogo katika tundu la oili la taabo kabla ya bomba lake kufungwa.

10. Injini izimwe, ingojewe dakika chache, na oili ipimwe tena. Kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo kwa sababu oili imejaza njia zake. Iongezwe mpaka alama ya juu, na sehemu ya chini ikaguliwe kama kuna mvujo.

Kazi yote ya hatua ya sita hadi ya nane haizidi dakika tano.

IKIWA GEJI HAIPANDI

Endapo stata imezungushwa mara nne au tano kwa mapumziko na geji bado iko kwenye sifuri, injini isiwashwe kwa kubahatisha. Kosa la kusema "labda ikiwaka itavuta" limegharimu injini nyingi.

Kwanza ipimwe oili. Pili litazamwe chujio, kama ni la aina yake na kama limefungwa sawasawa. Tatu ichunguzwe geji yenyewe, kwa kuwa huweza kuharibika. Fundi huweza kufungua nati ya swichi ya oili na kutazama kama oili inatoka injini inapozungushwa. Ikitoka kwa msukumo, kosa ni la geji. Isipotoka, basi pampu imepoteza oili yake. Hapo fundi huingiza oili safi kwa tundu hilo hilo la swichi kwa kutumia bomba la kusukumia oili, mpaka njia zijae na pampu ilowe. Pampu iliyofunguliwa kwa matengenezo hupakwa oili nzito au vaselini safi katikati ya gia zake kabla ya kufungwa, ili iweze kuvuta mara ya kwanza.

Tahadhari moja yafaa kwa wakulima wa korosho. Bomba lililowahi kutumiwa kwa salfa au dawa yoyote ya mimea lisitumiwe kamwe kuingizia oili, hata likiwa limeoshwa. Mabaki ya salfa na dawa ni adui wa beringi.

Endapo injini imekwisha kuwashwa na taa haikuzimika katika sekunde chache, au ikawaka ghafla wakati wa kazi, izimwe mara moja, hata ikiwa mzigo uko njiani. Gunia linaweza kungoja mpaka kesho. Krenki iliyokwaruzwa haiponi.

INJINI ZISIZO NA PRESHA YA OILI

Si kila injini ya chama ina geji. Injini za mwendo wa polepole za aina ya Lister, zenye magurudumu mawili makubwa na mwendo wa mizunguko 650 kwa dakika, zimesaga nafaka katika vijiji vya Tanzania kwa miaka mingi, na baadhi yake bado zinafanya kazi. Katika nyingi za injini hizo oili hurushwa juu na kijiko kilicho chini ya konrodi. Hapo hakuna geji ya kutazama, lakini kanuni haibadiliki. Mwendeshaji ainue kiwiko cha kuachia pumzi ili pistoni isibane, akate dizeli, na kuizungusha injini kwa hendeli mara ishirini au thelathini, ili oili mpya irushwe na kulowanisha sehemu zote. Mahali palipotengenezewa vikombe vya kutilia oili kwa mkono patiwe kwanza.

Mashine za kupulizia mikorosho zina tabia nyingine kabisa. Nyingi ni za mipigo miwili. Hazina bakuli la oili, bali oili yao huchanganywa na petroli. Kwa mashine hizo hakuna presha ya kungojea. Hatari yake ni kutia petroli tupu, au kukosea kipimo cha mchanganyiko. Kwa hiyo chombo cha petroli iliyochanganywa kiandikwe wazi, na kisiwekwe pamoja na cha petroli tupu.

JE, HAYA NI YA LAZIMA KILA MARA?

Wapo mafundi wazoefu watakaosema kwamba wamebadilisha oili maisha yao yote na kuwasha moja kwa moja bila ya kudhurika. Hawasemi uongo. Gari dogo lenye chujio dogo, lililozimwa saa moja tu iliyopita, kwa kawaida hupata msukumo wake katika sekunde chache, na dereva mwenye busara asiyekanyaga mafuta hana sababu ya kuogopa. Aidha machujio mengi yana kizibo cha ndani kinachozuia oili isirudi chini.

Lakini mali ya chama si gari dogo la mtu mmoja. Ni injini kubwa yenye chujio kubwa. Hutumiwa na watu wengi. Hupita msimu mzima imesimama baina ya kilimo na mavuno. Haiwezekani kumtaka kila mwendeshaji apime kwa akili yake ni lini hatari ipo na ni lini haipo. Ni rahisi zaidi, na ni salama zaidi, kuweka desturi moja ifuatwayo kila mara. Na katika hali nne desturi hiyo isiachwe kwa udhuru wowote: baada ya kubadilisha chujio, baada ya injini kufunguliwa, baada ya injini kukaa wiki kadhaa bila kuwashwa, na kwa kila injini yenye taabo.

DAFTARI LA INJINI NA WAJIBU WA KATIBU

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inakitaka kila chama kutunza vitabu vya hesabu zake. Makatibu wengi huandika kwa uangalifu kila kilo ya ufuta na kila shilingi ya malipo. Lakini injini yenye thamani ya misimu kadhaa ya ushuru wa chama mara nyingi haina hata ukurasa mmoja. Huandikwa siku ya kununuliwa, na huandikwa tena siku ya kuharibika.

Kila injini ya chama iwe na daftari lake, lisilobebwa na dereva bali litunzwe ofisini. Kwa kila mabadiliko ya oili yaandikwe haya: tarehe, saa za kazi au kilomita, daraja la oili na idadi ya lita, kama chujio limebadilishwa, muda uliopita kabla ya geji kupanda, msukumo wa oili injini ikiwa baridi na ikiwa na joto, jina na sahihi ya aliyefanya kazi, na jina na sahihi ya shahidi. Shahidi si lazima awe fundi. Mjumbe yeyote wa Bodi anayeweza kusoma namba kwenye geji anatosha.

Daftari hilo lina faida tatu. Ya kwanza ni kwamba mtu anayejua ataandika muda wa geji hatawasha kabla ya geji kupanda. Ya pili ni haki. Katika mfano uliotolewa mwanzoni, ukurasa mmoja ungalionyesha kama kazi ya Jumamosi ilifanywa ipasavyo, na yule kijana asingalibebeshwa mzigo usio wake. Ya tatu ndiyo kubwa kwa upande wa mipango. Injini ikiwa na joto na mwendo ule ule wa kazi, tuseme geji ilisoma paundi 50 mwaka wa kwanza, 40 mwaka wa pili, na 28 mwaka wa tatu. Hakuna kilichogonga, wala hakuna aliyelalamika, lakini namba zinasema kwamba nafasi za beringi zinapanuka. Chama chenye daftari kitaipeleka hesabu hiyo katika Mkutano Mkuu mapema, kitatenga fedha, na kutengeneza injini wakati wa mapumziko ya kilimo. Chama kisicho na daftari kitaitengeneza katikati ya msimu, kwa bei ya haraka, huku mazao ya wanachama yakingoja au yakibebwa kwa lori la kukodi.

Yafaa pia Katibu ahakikishe kwamba kitabu cha maelekezo ya kila injini kipo. Mara nyingi kitabu hicho hupotea mashine inapohama kutoka uongozi mmoja hadi mwingine. Kikiwapo, nakala yake itolewe na kuwekwa pamoja na daftari. Na dereva au mwendeshaji mpya asikabidhiwe ufunguo kabla hajaonyeshwa, mbele ya mjumbe wa Bodi, jinsi ya kukata dizeli na kuzungusha injini mpaka geji ipande. Makabidhiano ya namna hiyo nayo yaandikwe.

Kwa eneo la Kwala jambo hili lina uzito wa ziada siku hizi. Tangu Bandari Kavu ya Kwala ilipozinduliwa rasmi mwezi Julai 2025, eneo limekuwa njia ya malori makubwa, na kazi ya uchukuzi imewavuta madereva na mafundi wengi. Vijana waliojifunza kazi kwenye trekta la chama watazidi kuhama kwenda kutafuta riziki bora, na hilo si kosa lao. Ujuzi uliomo kichwani mwa dereva mmoja utaondoka pamoja naye. Ujuzi ulioandikwa daftarini utabaki kwa atakayemfuata.

Vyama vya msingi vinaombwa kulisoma jambo hili katika kikao cha Bodi kijacho, kufungua daftari kwa kila injini, na kubandika maneno machache yanayosomeka karibu na usukani au karibu na mashine: "Kata dizeli. Zungusha. Geji ipande. Ndipo uwashe." Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa injini ya chama, habari hiyo huanza kuandikwa katika sekunde za kwanza, kabla moto haujawaka.